Mboji Iliyonukia Vizuri

Wenzangu mlioko kule Buyenzi, leo nimeaibika mpaka nikatamani ardhi inimeze. Shimo lilikuwepo tayari, tena nililifukua mwenyewe.

Mnajua kwamba siku hizi nafundisha kilimo katika shule ya sekondari hapa Kigali. (Ndiyo, mimi, mtoto wa fundi cherehani wa Biryogo, mtaa wa Kiswahili mjini hapa, niliyeshika jembe mara ya kwanza nikiwa na ndevu. Chekeni hapo mmalize.) Bado niko kwenye majaribio. Leo mkaguzi alikuwa anakuja kuangalia somo langu. Nikifaulu, nathibitishwa kazini. Nikishindwa, narudi kwa baba kushona vifungo.

Nilichagua somo la mboji, ile mbolea ya majani yaliyooza. Wiki iliyopita, kabla malaria haijaniangusha, niliwaagiza wanafunzi wachimbe shimo, wajaze majani na kufunika. Niliporudi Jumatatu, nyuma ya jiko la shule nikakuta tuta zuri ajabu. Majani ya migomba yanachungulia pembeni, udongo umekandikwa juu, kazi safi. Niliwapenda wale watoto siku hiyo.

Kitabu kinasema uchomeke fimbo kwenye mboji, ikitoka na joto ujue mambo yanakwenda. Nikachomeka. Ikatoka na joto. Nikanusa, harufu tamu. Vitabu vyote vinasema mboji changa inanuka, yangu inanukia! Nikamshukuru Mungu kwa kipaji alichonipa. Kisha nikaanza kumwagia mkojo wa ng'ombe, asubuhi na jioni, ili ioze haraka. Wanafunzi walinitazama kimya. (Nilidhani ni heshima.)

Leo mkaguzi akafika, mzee wa tai na viatu vinavyong'aa, direkteri wetu, mkuu wa shule, nyuma yake. Mkaguzi aliposikia natoka Biryogo akanitolea Kiswahili alichojifunza akisoma Bukavu. Nikawaongoza wote, darasa zima, kuelekea nyuma ya jiko. Direkteri akaanza kukohoa.

"Mwalimu," akasema, "tuanze na maharage. Maharage yako iko mazuri sana."

"Hapana, direkteri. Somo ni mboji."

Akakohoa tena, akanikonyeza. Nikamwonea huruma, nikafikiri malaria yangu imehamia kwake.

Nikasimama juu ya tuta. Nikaeleza joto, nikaeleza unyevu, nikapiga jembe. Udongo ukafunguka, nikafunua majani kwa mbwembwe zote.

Ndizi. Mikungu kwa mikungu, imelala kwa mpango, imeanza kuwa ya njano.

Mkaguzi akainama akachungulia. "Mwalimu, hii hapana mbolea. Hii iko urwina. Iko shimo ya kuivisha ndizi ya pombe. Wanatia moshi ndani, wanafunika. Hauyajua?"

Ningejuaje? Nyumbani kwetu ndizi naijua ikiwa kwenye sahani. Wanafunzi wangu wote wamekulia kwenye migomba, walijua tangu siku ya kwanza. Nikamgeukia monita, nikamuuliza shimo letu liko wapi.

"Tulikuwa tunangojea upone, mwalimu," akanijibu kwa adabu.

Nikaona vifungo vya baba vinanisubiri. Na hapo ndipo mkaguzi, kwa ukarimu wake, akachomoa ndizi moja, akaifuta kwenye suruali, akaanza kuimenya. Moyo ukanigawanyika. Nikinyamaza, anakula. Nikisema, nimekwisha. Ndizi ikafika mdomoni.

"Misye mkaguzi, usile!"

"Juu ya nini?"

"Nimeimwagia mkojo wa ng'ombe."

Mkaguzi akaishusha ndizi. Halafu sauti ya direkteri ikatoka nyuma, nyembamba: "Tangu siku gani?"

"Tangu Jumatatu, direkteri. Asubuhi na jioni."

Direkteri akakaa chini, kwenye udongo, na suti yake. Zilikuwa ndizi zake. Jumamosi ijayo wakwe wanakuja kumposa binti yake, na pombe yote ya wageni ilikuwa humo shimoni, ikiiva kwa moshi wa kuni za shule. Ndiyo sababu ya kile kikohozi.

Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Darasa nalo likaangua kicheko, hata monita wa adabu. Kisha mkaguzi akanipa mkono. "Huyu anafuata kitabu sawasawa," akamwambia direkteri pale chini. "Namuthibitisha. Lakini jikoni asikaribie."

Kwa hiyo kazi nimepata, na uso sina. Adhabu yangu direkteri ameitoa mwenyewe: siku ya posa nitasimama mbele ya wakwe zake kugawa Fanta badala ya pombe. Nimemsimulia baba kisa chote alipotoka msikitini. Amecheka mpaka sindano imemponyoka, halafu akaniambia nisihuzunike, kuwanyima pombe wageni wote wale kuna thawabu kubwa.