Chombo cha Nyuma Kifunge Breki

Basi lilikuwa limeshaanza kuondoka, na mke wa Gia Tano alikuwa ndani, dirisha la nyuma, sanduku mapajani, macho mbele. Hakukitazama kijiwe chetu. Gia Tano, mwendesha pikipiki ambaye breki anazijua kwa kusikia tu, alishavaa kofia ngumu. Kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu, akatoka mbio na kumdaka ukosi wa shati.

"Niachie! Nalipita hapo mbele, nalizuia!"

"Kama mara ile?" akauliza Mama Kahawa, macho kwenye birika.

Mara ya kwanza mke alihamia kwa shoga yake, mtaa huuhuu. Jamaa akamfuata kwa honi. Mke akaenda kwa shangazi. Jamaa akazuia basi, abiria wakamtukana yeye na ukoo wake. Sasa mke anakwenda kwa wazazi.

"Kaa chini, kaka," akasema Antena, fundi redio, simu ikiwa puani. "Habari ya leo: huko angani vyombo viwili vinaizunguka dunia, kimoja kinakifuata kingine, kinataka kukishika. Unajua kinafanyaje?"

"Kinakanyaga mafuta!"

"Hapo ndipo kinapoharibu! Kikikanyaga, kinapanda juu zaidi. Huko juu mzunguko mrefu, mwendo mdogo, kinaachwa. Kinachotaka kuwahi kinafunga breki, kinashuka, kinapata mzunguko mfupi, kinatokea kwa chini."

Kinyozi akacheka mpaka mkasi ukamponyoka. "Funga breki ili uwahi! Antena, wewe ndiye uliyetengeneza redio ya mama mkwe wangu. Mpaka leo inasoma taarifa ya habari kwa kwikwi!"

"Si mimi, ni hesabu za wataalamu!"

"Hao wataalamu wameoa?"

"Ndugu yangu, mtazame huyu. Kwa shoga, kwa shangazi, kwa wazazi. Kila akikanyaga mafuta, mke yuko mbali zaidi. Hesabu gani tena unataka?"

Kinyozi akanigeukia mimi: "Mzee, umetembea sana. Ni kweli haya?"

Nikamwambia nimepita nchi nyingi, ila hiyo ya angani bado.

"Kikishakaribia je?" akauliza Mama Kahawa. "Kinavamia?"

"Thubutu! Kinasimama mbali, kinaomba ruhusa. Kinasogea kidogo kwa mwendo wa kinyonga, kinasimama, kinaomba tena. Kikikataliwa, kinarudi nyuma bila kelele."

"Hicho chombo kimelelewa."

"Na honi?" akauliza Gia Tano, sauti imeshuka.

"Huko hakuna hewa, kaka. Hata upige mpaka betri ife, hakuna anayekusikia."

"Basi ni nyumbani kwangu kabisa."

Hatukucheka. Akawasha pikipiki. Tukasubiri ule mngurumo wake wa kuamsha watoto, haukuja. Akaondoka kwa gia ya kwanza, akashika njia ya bondeni, kwa mwendo wa taratibu hata bibi mmoja mwenye ndoo kichwani akampita huku akimpa pole ya mafuta kuisha.

"Hafiki huyo," akasema Kinyozi.

Alifika. Alisimama nje ya geti la wakwe, akaomba kuingia, akakataliwa, akabaki palepale. Baba mkwe alimtolea maji. Baadaye akaruhusiwa uani, akapasua kuni zote, hata za jirani. Sasa yuko barazani, na mkewe anaongea naye akiwa ndani, mlango nusu. Kila asubuhi anaomba kusogeza kiti.

Mteja wa Kinyozi alimaliziwa kichwa kwa kinyozi mwingine, na hajarudi. Mama Kahawa anawataka wateja wasimame mbali, waombe. Antena anaendelea kutushauri mambo ya ndoa, hajaoa.

Vile vyombo vilishikana salama, vikakaa pamoja, kisha vikaachana bila matusi. Gia Tano hakuambiwa hilo la mwisho.