Ulimi wa Kengele

29 Machi, Jumapili ya Matawi

Kanisa limejaa mpaka mlangoni. Mimi nimekaa nyuma ya nguzo. Nani alinipangia nyuma ya nguzo? Taratibu! Huyu ni mwalimu mwenzangu wa dini. Ndiye msimamizi wa viti, msimamizi wa kengele, msimamizi wa kila kazi isiyotaka haraka. Wanafunzi ndio waliompa jina hilo. Mimi wamenipa lingine, silitaji.

Baada ya misa Sista Mkuu akatuita ofisini sote wawili. Akasema wanafunzi wamepungua, vipindi vya dini vimepunguzwa, na shule inahitaji mwalimu wa dini mmoja tu. Mmoja! Atatangaza nani anabaki Jumatatu ya Pasaka. Akatuomba tumwombee apate mwanga. Taratibu akasema amina. Mimi nikasema amina kwa sauti kubwa zaidi.

Nikikosa kazi, nyumba ya shule imekwenda. Binti yetu anasoma hapa bure kwa kuwa ni mtoto wa mwalimu. Naye shule imekwenda. Tutarudi kwa shemeji, kaka wa mke wangu, kwenye kile chumba cha uani. Shemeji ana tabia ya kupita dirishani kila asubuhi na kuuliza, kwa sauti ya majirani wote kusikia, kama bwana mkubwa ameamka. Sirudi kule. Ng'o!

Taratibu hana mke wala mtoto. Ana mama yake tu, bibi kizee mfuga kuku. Aende akamsaidie kuku.

Kwaresima hii nimejinyima sukari. Nahisi kichwa kimekuwa chepesi, mipango inakuja yenyewe.

30 Machi, Jumatatu

Mpango! Alhamisi Kuu Askofu anakuja kwetu kuadhimisha misa na kuosha miguu ya watu kumi na wawili. Sista Mkuu hambishii Askofu. Kwa hiyo sina haja ya Sista. Ninachohitaji ni mguu wangu uwe mikononi mwa Askofu.

Nafasi zote zilikuwa zimejaa. Nikamfuata fundi seremala, mmoja wa hao kumi na wawili, nikamnong'oneza kwamba mwaka huu Askofu atamwuliza kila mtu dhambi yake mbele ya watu. Fundi alikumbuka papo hapo kwamba ana kitanda cha mtu hakijaisha. Nafasi ikawa yangu. Kweupe!

Mke wangu amenikuta uani nasugua visigino kwa jiwe. Akauliza kulikoni. Nikamwambia ni unyenyekevu.

31 Machi, Jumanne

Siku mbaya. Nilimwendea Sista Mkuu nikamwambia, kwa uchungu wa kujitolea kabisa, kwamba Taratibu anasinzia darasani. Sista akasema anajua. Kumbe jamaa alikesha kwenye chumba cha wagonjwa akimkanda kwa kitambaa mtoto mwenye homa, kwa sababu matroni wa bweni alikuwa hoi. Sista machozi yakamlengalenga. Nilikwenda kumshtaki mtu, nimemtangaza mtakatifu. Pumbavu zangu!

Nimepata faraja kidogo. Kwenye igizo la Njia ya Msalaba nimepewa Pilato. Ana maneno mengi na joho jekundu. Binti yangu ni Veronika, yule anayempangusa Yesu uso. Amekwishakata kitambaa kutoka kwenye shuka letu jipya. Mama yake akamcheka tu. Ningekikata mimi, ingekuwa kesi.

1 Aprili, Jumatano

Nimeifanya!

Nieleze. Kesho misa ikianza, tukifika kwenye wimbo wa Utukufu, kengele kubwa hupigwa tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Ikinyamaza, imenyamaza. Hairuhusiwi kulia tena mpaka mkesha wa Pasaka. Hiyo ndiyo saa ya Taratibu. Akiivuta ile kamba, hata wasioamini wanasimama njiani. Mbele ya Askofu itakuwaje? Nitafunikwa kabisa.

Basi wakati wa chakula cha mchana nikapanda mnarani na koleo la dereva wa shule. Nikaung'oa ulimi wa kengele, lile rungu la chuma linaloning'inia ndani na kugonga pembeni. Zito! Nikalificha ndani ya shati nikashuka nimejipinda kama mwenye kichomi. Kengele ile hupigwa kwa Utukufu wa misa kubwa na kwa hatari tu, vipindi vina kikengele cha mkononi, hivyo hakuna atakayegundua mpaka kesho. Baada ya Pasaka nitaurudisha. Mimi si mwizi.

Mke wangu aliuliza nimebeba nini. Nikasema kipande cha mashine mbovu. Akakichukua akakiweka kuzuia mlango wa jikoni, ambao tangu tuhamie hujifunga wenyewe. Alifurahi, jamani. Alisema angalau leo nimeleta kitu nyumbani.

2 Aprili, Alhamisi Kuu

Sina hamu.

Utukufu ulianza. Taratibu akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena, kimya. Nilimwona shingo inalowa jasho. Askofu akageuza kichwa. Moyoni mwangu nikaanza kuhesabu darasa lake ni langu. Mara mpishi wa shule, yule mama mnene wa mstari wa nyuma, akapiga kigelegele. Wasichana wa bweni wakadakia. Kina mama wote wakadakia. Kanisa likatetemeka mpaka wimbo ukaisha.

Kwenye mahubiri Askofu akasema popote alipopita hajasikia Utukufu wa namna hiyo. Akauliza ni wazo la nani. Watu wote wakamwonyesha Taratibu, aliyesimama pale na kamba yake mfu mkononi! Alijaribu kukataa. Wakaona ni unyenyekevu. Wakampigia makofi.

Zamu ya mguu wangu ikafika. Askofu alipoinama na jagi nikamnong'oneza upesi kwamba mimi ni mwalimu wa dini wa miaka mingi, nina familia, na kuna jambo zito. Akaniambia kwa upole kwamba maungamo ni kesho asubuhi. Kisha akaenda mguu wa jirani.

Watu wakitoka, Taratibu alinifuata. Akasema kesho atapanda mnarani kuona kengele imepatwa na nini. 

3 Aprili, Ijumaa Kuu

 Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi nilimwahi Sista Mkuu. Nikamwambia kugusa kengele Ijumaa Kuu ni kuvunja kimya cha Bwana. Akakubali. Akampiga Taratibu marufuku kuigusa mpaka kesho. Nikapumua.

Mchana tulikuwa uwanja wa chini kwa mazoezi ya mwisho ya igizo, walimu karibu wote na wavulana. Wasichana wa igizo walikuwa bwenini wakipiga pasi mavazi yao kwa pasi ya mkaa. Pasi ikaangukia godoro. Matroni, mama wa watu, akakimbilia kanisani kuvuta kamba ya kengele ili tusikie. Akavuta. Akavuta kwa nguvu zake zote. Uwanja wa chini sisi hatukusikia kitu. Mimi saa hiyo nilikuwa Pilato, nimeshika beseni, nanawa mikono. Nilirudia mara kadhaa maana wavulana walikuwa wanacheka.

Taratibu alikuwa juu mnarani. Alipanda kuangalia tu, bila kugusa, ndivyo alivyojitetea baadaye kwa Sista. Akaona kamba inachezacheza mbele yake na kengele haisemi. Akachungulia dirishani, akaona moshi. Huyo mtu ambaye huchukua nusu ya kipindi kufuta ubao alishuka zile ngazi mbiombio.

Mlango wa bweni ulikuwa umekwama. Komeo lake ni la chuma na lilikwishapata moto. Alilikamata kwa mikono mitupu akalivuta mpaka likaachia. Wasichana wakatoka. Wote ila mmoja. Mmoja alikuwa amerudi ndani kuchukua kitambaa chake.

Binti yangu. Mwanangu wa pekee.

Sisi tulipouona moshi nikakimbia. Joho la Pilato likanikwaza, nikaanguka, nikainuka, nikaanguka tena. Nilipofika Taratibu alikuwa amekaa chini, binti yangu mapajani mwake, anakohoa, nywele za mbele zimeungua, yu hai. Taratibu alikuwa ameinua mikono yake juu juu, hataki imguse mtoto. Niliiona ile mikono. Sitaki kuiandika.

Wamempeleka hospitali. Nimemkumbatia mwanangu mpaka akalalamika namwumiza.

Matroni anamwambia kila anayekutana naye kwamba alivuta. Jamani nilivuta, anasema. Nimemwambia tunajua, mama, ulivuta.

4 Aprili, Jumamosi Kuu

Sikulala. Nilikaa kitandani nikiapa. Nimemwambia Mungu nitakwenda kwa Sista Mkuu asubuhi, nitasema yote, liwalo na liwe.

Asubuhi nikatoka kwenda. Njiani nikafikiri. Kama Sista akijua, nani anafaidika? Taratibu mikono imeungua hata hivyo. Mke wangu atateseka, mtoto atafukuzwa, shemeji atafurahi. Nikaona kusema kweli ni ubinafsi. Nikarudi.

Nikauchukua ule ulimi mlangoni pa jikoni nikautumbukiza kwenye shimo la choo. Ulidumbukia kwa sauti nzito. Nilipogeuka, mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo. Akatazama choo. Akanitazama. Akatazama mnara. Sijawahi kuona mtu akielewa jambo polepole kiasi kile. Nilimwambia ule mlango sasa nitautengeneza mwenyewe.  Aliweka ndoo chini, akapika uji, akautia kwenye chupa, akamshika mtoto mkono wakaenda hospitali.

Mkesha wa Pasaka kengele ilibidi ilie, nayo haina ulimi. Dereva akapanda na nyundo akawa anaigonga wakati wa Utukufu. Ikatoa sauti ya sufuria iliyotoboka. Nilipoisikia nikalia, nikalia kwa kwikwi. Watu wakanishika mabega wakiniambia pole baba, mtoto amepona. Niliwashukuru.

5 Aprili, Jumapili ya Pasaka

Kristo amefufuka. Nimerudia sukari.

Nilikwenda hospitali kwa sababu kutokwenda kungezua maswali. Mama yake Taratibu alikuwa kando ya kitanda anamlisha uji wa mke wangu kwa kijiko, mtu mzima mzima. Daktari amesema mkono wa kulia vidole havitarudi. Chaki hataishika tena. Bibi kizee aliinuka kunipa kiti chake. Nilikataa, akasisitiza, nikakaa.

Alipotoka kwenda kusuuza bakuli, Taratibu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Jumatano aliniona nikishuka mnarani nimejipinda. Alidhani nimetumwa kuipaka kengele mafuta. Ijumaa alipochungulia ndani ya kengele ndipo alipoelewa. Akasema hajamwambia mtu na hatamwambia. Halafu akauliza mtoto anaendeleaje na kikohozi.

Basi! Hakudai kitu! Nimerudi nyumbani. Mtu anayeijua siri yako na hataki chochote, huyo ana jambo. Nimelifikiria mchana kutwa sijalipata.

6 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Sista Mkuu aliniita. Nikajua yametimia. Nilivaa koti langu zuri nifukuzwe kwa heshima.

Akasema kazi ni yangu.

Akaeleza. Alikuwa amekwishaamua tangu Jumapili ya Matawi kwamba anayebaki ni Taratibu, na hata baada ya moto alitaka kumbakiza, wanafunzi wangemwandikia ubaoni. Jana jioni alikwenda kumwambia. Taratibu akakataa. Akamwambia nafasi anipe mimi, kwa sababu nina mtoto anayesoma, na mtoto asikatishwe shule. Yeye atarudi kwa mama yake. Sista alisema maneno hayo akitazama dirishani. Kisha akasema Jumapili ijayo kutakuwa na misa ya kumshukuru na kumuaga, na wazazi wote watakuja.

Sasa nimemgundua! Huu ndio mpango wake. Ameniachia kazi ili kila nikiingia darasani watu waseme amepewa na nani. Amenifunga maisha! Mjanja sana, na ule upole wake. Mimi nilikuwa nahangaika na visigino, mwenzangu yuko mbali.

Ila na mimi si wa jana. Nimekaa nikapima jambo hili kwa haki. Taratibu alipanda mnarani kwa nini? Kwa sababu kengele haikulia. Haikulia kwa nini? Isingekuwa mimi, Ijumaa ile angekuwa uwanja wa chini na sisi, anatupangia viti, na wale watoto wangeungua wote. Ukweli ndio huo. Siwezi kuusema hadharani kwa sasa, lakini unanipa amani.

Nimemwomba Sista niwe msemaji wa misa ya kuaga. Amekubali, amechoka.

Mke wangu amefungasha nguo chache. Amemchukua binti yetu wamekwenda kumsaidia yule bibi kumwuguza mwanawe, kumvalisha, kumwogesha, kulisha kuku. Nilimwuliza watarudi lini. Akamfunga mtoto kanga mabegani wakaondoka. Nyumba imekuwa kubwa. Nimekunywa chai peke yangu, vijiko vitatu vya sukari.

Hotuba nimeianza. Nimejaza kurasa mbili tayari, na inatoka vizuri sana. Bado sijafika mahali pa kumtaja Taratibu.