Ombi la Kurudishiwa Sauti ya Kwanza Kabla Ligi Haijaanza

Fanueli Shemhilu,
Mwalimu wa Kwaya ya Usharika,
Muheza.

Kwa Katibu wa Kamati ya Ratiba,
Ligi ya Taifa ya Soka la Wanawake.

Mheshimiwa Katibu,

Pokea heshima zangu. Nina miaka sitini na miwili, sijawahi kugombana na mchezo wowote, na nimesubiri hasira zipoe ndipo nikashika kalamu.

Timu ya hapa kwetu, Michungwa Queens, imepanda daraja na msimu ujao itacheza ligi yenu. Nawapongeza. Tatizo ni kwamba katika wale kumi na mmoja wanaoanza, tisa ni wanakwaya wangu: sauti ya kwanza yote, na sauti ya pili yote isipokuwa Mama Bryson, ambaye goti lake ni bovu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Namna walivyochukuliwa. Kocha wao, Bi Shamsiya, binti wa mfanyabiashara wa machungwa, alisimama nje ya dirisha la kanisa tukiwa mazoezini. Alitusikiliza tukivuta noti moja mpaka mbwa wa jirani akahama. Tulipotoka aliniamkia kwa adabu zote, kisha akaniambia, "Mwalimu, mapafu haya umeyatengeneza wewe. Mimi nitaongeza miguu tu." Nilidhani ananisifu, nikamshukuru. Wiki iliyofuata nilifundisha viti.

Ieleweke kwamba mapafu hayo nimeyalea miaka kumi na mmoja, nikiwapandisha mabinti mlimani huku wakiimba, beti nne bila kupumzika. Kwa hiyo naomba kila bao lao liandikwe nusu kwa jina la kwaya.

2. Harusi ya Makorora. Kwa kukosa watu, nilimpandisha Ernesti, dereva wa lori na besi yetu ya kutegemewa, aimbe sauti ya kwanza. Bibi harusi alilia. Wageni walisema ni machozi ya furaha. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye. Haikuwa furaha.

3. Tabia walizorudi nazo. Jumapili aliyotutembelea Baba Askofu, chombo cha maua kilianguka madhabahuni. Anastazia, golikipa, aliruka kutoka safu ya pili akakidaka kabla hakijagusa sakafu, akabaki amekikumbatia kifuani mpaka Baba Askofu alipomwomba akirudishe. Usharika ulipiga makofi, nami sijapigiwa makofi ya namna ile tangu nianze kufundisha. Praxeda, beki, kila nikiinua mkono kuanzisha wimbo, naye anainua wake kudai mtu ameotea.

4. Ugonjwa umeenea kwa waumini. Mzee wa kanisa mmoja sasa anasimama mlangoni na kumwonyesha Mchungaji Abrahamu vidole vya dakika za nyongeza. Na bibi mmoja wa safu ya mbele, ninayemheshimu, alituma ujumbe katikati ya wimbo, ubeti wa tatu, akaomba nifanyiwe mabadiliko.

5. Filimbi. Nilikwenda Tongoni kuangalia mechi yao ya kirafiki, kwa ajili ya kukusanya ushahidi tu. Filimbi ya mwamuzi haikuwa fa, wala haikuwa sol. Mabinti wakisikia sauti kama hiyo msimu mzima, masikio yao yataharibika. Nilimsogelea mwamuzi nikamwimbia sol aisikie. Nilihamishiwa nyuma ya kamba.

6. Hili ndilo linalonikosesha raha. Leticia, fundi cherehani wetu, ameimba kwangu miaka tisa akitazama sakafu. Nimembembeleza, nimemkaripia, nimemwekea kiti asimame juu yake, hakupaza sauti. Pale Tongoni, dakika ya themanini, alisimama katikati ya uwanja akaita, "Niachieni mimi!" Sauti ilifika mpaka kwenye magofu ya kale ya pale. Wachezaji wote wakamwachia, hata wa upande wa pili. Akafunga. Nauliza, mheshimiwa: ile sauti alikuwa ameiweka wapi?

Kwa sababu hizo naomba ligi isogezwe mbele mpaka baada ya mashindano ya kwaya ya mkoa. Ikishindikana, kila mechi isimame saa kumi na nusu, timu zote mbili zipangwe kwa sauti nne, tufanye mazoezi ya dakika ishirini, kisha mpira uendelee. Ikishindikana na hilo, basi mnipe wachezaji tisa wa timu nyingine yoyote, wenye pumzi, nami nitawafundisha kuimba.

Nisalimieni wajumbe wote wa kamati, waamuzi pia, na yule wa Tongoni mwambieni sina kinyongo naye.

Wenu mtiifu katika wimbo,
Fanueli Shemhilu.

N.B. Barua hii imechelewa kutumwa siku nne. Katika siku hizo Bi Shamsiya amenishawishi niwe kocha wa pumzi wa timu, na nimekwisha pewa koti la benchi, saizi kubwa kidogo. Tafadhali msisogeze ligi hata kwa siku moja. Watu wa mashindano ya kwaya nimewaandikia jana wasogeze yao, kwa kuwa yanagongana na mechi yetu ya tatu, na hiyo hatuwezi kuikosa.