N ni Ndiyo

Jumatatu, 11 Agosti
Ijumaa tajiri wetu, Bwana Saif, atamtaja msimamizi wa kompyuta wa ofisi yetu ya barafu ya wavuvi, hapa Liwatoni. Tuko wawili: mimi, niliyejifundisha mwenyewe, na Maxwell, mwenye cheti. Cheti amekitia fremu. Hukifuta vumbi nikiwa namtazama.

Nimepata njia. Terminali yetu ni kioo cheusi cha kale kinachosema Kizungu. Bi Swabaha, karani wetu, akishaandika oda ya barafu, humuuliza kama aifute: Y aifute, N aiache. Mtu wa Kibokoni, mtaa wa Waswahili, aulizwe Kizungu kwa nini? Jioni nimekifundisha Kiswahili. Sasa chauliza: Futa? N kwa Ndiyo, H kwa Hapana. Kazi safi. Sikumwambia mtu. Zawadi haitangazwi.

Jumanne, 12 Agosti
Bi Swabaha ameandika oda kumi na nne, macho dirishani, mdomo kwenye habari za posa ya jirani. Kila mwisho wa oda akabonyeza N, kama alivyobonyeza miaka ishirini na moja. Kioo kikatii. Oda zote kumi na nne zimekwenda na maji.

Nahodha Kenga akaja kuchukua barafu. Hayumo kwenye orodha. Akaniuliza kama samaki wake, changu watupu, awapepee kwa kofia. Nikasema ni stima. Maxwell akasema stima haijapotea tangu Jumamosi. Hakuna aliyemuuliza.

Jumatano, 13 Agosti
Nimekiri, kwa kiasi. Nimeeleza kwamba mashine imeboreshwa, tatizo ni watumiaji. Nikabandika notisi ukutani: N NI NDIYO. Bi Swabaha akaisoma yote, akavua miwani. "Mwanangu, mimi nasoma. Vidole ndivyo visivyosoma." Akataka kujua ni nani aliyewahi kulalamikia kile Kizungu. Nikainyoosha notisi.

Mchana amefuta nyingine tisa. Mwisho akatoa plasta mkobani, akakifunika kitufe cha N kabisa. Nahodha sasa huandikwa Kega. Alikuja tena. Alisimama mlangoni na changu mmoja mkononi, akanipa nimnuse.

Alhamisi, 14 Agosti
Ajabu, bibi amezoea. Oda ishirini, H ishirini, hakuna iliyopotea. Amesema nimemtesa lakini ameshashika, na nikithubutu kugusa tena atakwenda kunishtaki kwa mama yangu Kaloleni kwa miguu.

Ningetulia. Lakini Kenga amempigia simu Bwana Saif, na Bwana Saif hapendi malalamiko. Mwenye busara hurudi nyuma kabla hajasukumwa. Jioni nimerudisha Kizungu chote, neno kwa neno. Sikumwambia mtu. Bi Swabaha akiona nimemsikiliza atafurahi.

Ijumaa, 15 Agosti
Bwana Saif alifika kabla ya swala, akasimama nyuma ya kiti cha Bi Swabaha, akampa oda kwa kinywa chake: barafu ya kuhifadhia nguru, samaki wa harusi ya bintiye Fairuz, kesho. Bi Swabaha akaandika, akabonyeza H kwa madaha, hata hakukitazama kioo. Nilikuwa nimesahau tabia moja ya mashine ya kale. Kitufe chochote kisichokuwa N, kwake ni ndiyo, futa.

Baada ya swala gari la nguru likaingia. Barafu ilikuwa imekwisha kugawiwa wavuvi. Kenga alipata maradufu. Harusi ya Fairuz itakuwa ya kuku.

Bwana Saif akauliza nani amegusa mashine. Bi Swabaha aliibandua ile plasta kwenye N, akaja akanibandika nayo kifuani.

Maxwell amepewa cheo. Bwana Saif asema juma zima kijana yule hakugusa kitu, na hiyo ndiyo elimu. Mimi nahamia chumba cha barafu.

Jumamosi, 16 Agosti
Baridi. Watu hapa hawafikiri. Mlango wa chumba, ukiwa ndani, husukumwa. Tangu jengo lisimame husukumwa, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini. Wa kuvuta ungekaa vizuri zaidi. Bisibisi ninayo. Saa moja tu, bawaba nimezigeuza. Kazi safi.

Kenga aliukuta wazi, sasa yumo ndani, ajaza makreti yake. Sikumwambia.

Namsikia asukuma. Atazoea.