Uzinduzi wa Muziki wa Utulivu Mwaloni Katonga

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa aliyekuwa Makamu kabla yake, Shehe wetu, Padre wetu, wazee wa Ujiji, wenye mitumbwi, mabaharia, wauza dagaa wabichi, wauza dagaa wakavu, na ninyi mliokuja mkidhani leo kunagawiwa barafu, nawaamkia kwa Kiha, mwakeye! (Wachache wanaitika.)

Mimi, Injinia Telesphory, Mratibu Mkuu wa Mradi Shirikishi wa Utulivu wa Mwambao (Sauti: "Injinia wa nini?"), injinia wa jumla, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa ambao wachache wamejaaliwa. Mwaka jana akina mama wa hapa, wakiongozwa na Bi Verediana, walituletea ombi la chumba cha barafu, kwa sababu migebuka yao inaoza kabla ya wanunuzi kufika. Kama serikali sikivu tulilichakata ombi hilo kistratejia, tukawashirikisha mastekiholda, tukabaini kwamba tatizo la msingi si samaki kuoza, bali ni muuzaji kukasirika samaki akioza. (Miguno.)

Naomba niwaeleze yaliyonipata. Nikiwa semina Dodoma, presha ilinipanda wakati wa chai. Mshiriki mmoja akanivalisha spika zake za masikioni akaniambia, "Mzee, lala chini, sikiliza, hii ni albamu kutoka Japani, imepigwa kwa mitambo ya umeme." Nikalala kwenye zulia la ukumbi. Ndugu zangu, nikasikia tone la maji. Nikangoja. Likaja la pili. Kikafuata kitu kama friji linalowaza. Sikujua lini nimeanza kulia. Walinifunika kitambaa cha meza wakaendelea na semina.

Niliporudi Kigoma nikaipiga albamu ile nyumbani Katubuka, mke wangu Marcelina akaweka ndoo sebuleni akidhani paa linavuja, lakini baada ya nusu saa nilimkuta amekaa kando ya ndoo, ametulia tuli. Hiyo ndiyo inaitwa impakti! (Makofi kutoka meza kuu.)

Ndiyo maana leo mnaona maboksi haya mawili ya spika juu ya nguzo. Utafiti unaonyesha asilimia tisini na nane ya wakazi wa mwambao watatulia, na asilimia mbili zilizobaki ni Bi Verediana. (Kicheko. Bi Verediana anasogea na beseni la migebuka, analiweka juu ya meza kuu. Padre anahamisha kiti.)

Bi Verediana: "Mheshimiwa, nusa. Halafu utuambie, mbona hatusikii kitu?"

Swali zuri sana, mama. Huo ndio ubora wake! Muziki huu haukuingilii, unakuzunguka. Hivi ninavyosema unapigwa, tena sauti iko juu kabisa. Naomba tunyamaze. (Kimya. Injini ya boti inazimwa. Maji yanapiga mchanga.)

Mzee Swaibu, akiwa amefumba macho: "Naisikia."

Unaisikia? (Hotuba inamponyoka mkononi.) Mzee wangu, shikamoo, unasikia nini?

"Kengele ndogo. Na mtu anamimina chai, mbali."

Hapana, mzee, haiwezekani... yaani, naam! Mmemsikia! (Watu wanaanza kufumba macho. Bi Hasna wa Ujiji anajifuta machozi. Bi Verediana peke yake amekodoa macho, anafukuza nzi.)

Kwa hiyo, utulivu oyee! (Oyee, kwa sauti ya chini.) Barafu baadaye, amani kwanza! Samaki aoze, moyo usioze!

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru fundi seremala Erasto, aliyeyachonga maboksi haya kwa ustadi hata mtu asingedhani ndani ni matupu. Naishukuru kamati ya manunuzi, ambayo itakutana mara tu itakapoundwa. Niwashukuru pia wavuvi walioitafuta simu yangu ilipotumbukia ziwani mwezi wa tatu, maana albamu ilikuwa humo, na nakala nyingine hatuna. (Macho yanafumbuka, moja baada ya jingine.) Na wewe, Bi Verediana, naona umebeba tena beseni lako unakuja huku, nakushukuru kwa kuja, hapo hapo ulipo panatosha, mama, panatosha...

(Hotuba ikakatika. Mzee Swaibu akawaomba wapunguze kelele.)