Treni Isiyo na Dereva Haitapita Nikiwa Hai

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeingia rasmi kwenye kamati ya mipango ya njia mpya ya metro. Mwakilishi wa madereva! Nilikwenda na sare, mikunjo ya pasi inakata kama wembe. Wakatandaza ramani mezani, mstari mwekundu kutoka stesheni kuu hadi uwanja wa ndege. Nikauliza madereva watapumzikia wapi. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ndiye mhandisi mkuu wa mradi, akanieleza kwa upole kwamba treni hii haina dereva. Inajiendesha. Ikianza, njia yetu ya zamani inafungwa, na sisi madereva tutapewa vizibao vya njano tuwaonyeshe abiria ngazi ziliko.

Mimi! Ngazi! Na anayeniambia ni huyu niliyemfundisha baiskeli mwenyewe, nikimshikia kiti asianguke. Nimeapa haitapita.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza mapambano. Nimeuliza kamati, ng'ombe akiingia relini je? Shemeji akajibu kwamba njia yote iko chini ya ardhi. Nikauliza, panya je, tena mkubwa? Wakacheka. Mama Mkurugenzi, anayeongoza kamati, akataka kujua kama nina swali jingine. Nikamwambia ninayo mengi ila nayatunza. Sikuwa nalo hata moja.

Lakini kuna habari njema. Jumamosi wananchi wanaalikwa ukumbini kukagua behewa la mfano na kupiga kura. Mama Mkurugenzi ametamka mwenyewe: wakilikataa, wahandisi watachora upya, na dereva atarudishiwa chumba chake. Watu wengi wanaogopa treni isiyo na mtu. Waogope tu! Mimi nitawaongezea.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda ukumbini kumchungulia adui. Behewa la mbao, ukubwa kamili, viti vya kweli. Na kule mbele, mahali pangu, wameweka kioo kikubwa na benchi la abiria. Benchi! Nje ya kioo kuna skrini inayoonyesha filamu ya reli na taa zake, ili mtu ajione yuko safarini. Nikaketi, kupima tu. Pazuri, kusema kweli. Roho ikaniuma. Miaka yote nimewabeba watu wa mji huu, nao hawaijui hata sura yangu, na sasa mahali pangu watakaa wao wakila karanga. Machozi yakanijia. Seremala akaniangalia, nikajitia napiga chafya.

Mpango: Jumamosi navaa nguo za kiraia. Nakaa benchi la mbele kama raia yeyote. Filamu ikianza napiga ukelele kwamba hakuna mtu anayeendesha, tutakufa, halafu nazimia. Watu watatimua mbio. Kura itakuwa yangu.

Nimefanya mazoezi ya kuzimia sebuleni. Mke wangu amenivuka akienda kuanua nguo. Amesema nikiangusha redio ya mama yake, nitazimia kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeumbuka.

Asiye wa kazi yetu hataelewa. Dereva wa treni hufundishwa kuinyooshea kidole kila taa ya reli na kuitaja kwa sauti, ili akili isilale. Ukishafanya hivyo nusu ya umri wako, mkono hauombi ruhusa.

Behewa lilijaa. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja mwenye kikapu, anatetemeka. Safi sana, nikasema moyoni. Filamu ikaanza. Nikavuta pumzi nipige ukelele. Taa ya kwanza ikatokea. Mkono ukanyooka wenyewe. Kijani, njia wazi! Nikajiuma ulimi. Taa ya pili. Njano, punguza mwendo! Bibi akaacha kutetemeka. Ilipokuja ya tatu alinyoosha kidole na yeye. Ya nne, behewa zima. Watu wazima na akili zao, wanapaza sauti kama darasa la kwanza: nyekundu, simama! Nikajaribu kuzimia, hapakuwa na nafasi ya kuangukia. Bibi akanishika mkono, akaniambia mwanangu usiogope, hili gari lina macho.

Walipotoka walirudi kupanga foleni tena. Behewa wamelipitisha kwa kura za kishindo. Shemeji akanikumbatia mbele za watu. Akasema hakujua kama nampenda kiasi hiki.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja kula. Mke wangu kampa kiti changu mezani, eti shujaa wa siku. Nimekula nimesimama.

Alipoondoka, mke wangu akaniuliza nini hasa kinanisumbua. Nikamwambia ukweli. Naogopa siku nitakayopanda treni na kukaa nyuma kama mzigo. Hakucheka. Akasema mimi ni dereva hata nikiwa bafuni, na kwamba nimpumzishe mdogo wake. Nikaona anasema kweli. Nikakaribia kabisa kumwahidi.

Sikumwahidi.

Jumatano, 12 Machi

Ushindi! Mama Mkurugenzi kaniita ofisini. Wananchi wameniulizia, hasa yule bibi. Wanataka sauti yangu ndiyo itangaze vituo kwenye treni mpya. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikakubali. Hawajui wamemkabidhi nani spika zao!

Mpango: kila baada ya kituo, nitakohoa. Kidogo tu, kikohozi cha mtu aliyeketi mbele na breki yake mkononi. Abiria watashtuka. Nani huyo? Kumbe kuna mtu? Yuko wapi? Watadai aonekane. Watadai apewe kiti. Na kiti kikishadaiwa, ni nani mwenye sare tayari?

Nimekohoa tangu asubuhi kutafuta kikohozi kinachofaa. Mke wangu amesema nikimaliza nikatupe takataka. Nimempigia shemeji simu, nikamkoholea, nikamuuliza anaonaje. Amefurahi mno. Amesema abiria wakisikia hivyo watatulia kabisa, na hakuna atakayekumbuka tena mambo ya dereva.

Maskini kijana. Haoni mtego. Kesho narekodi, na sare naipiga pasi mwenyewe.