Vita vya Marinda Kumi na Mawili

Enyi mliokaa kwenye benchi la duka hili la dobi mkisubiri nguo zenu, na wewe uliyesimama mlangoni na mfuko wa mashuka ukijifanya hunisikii, tegeni masikio, maana leo nafungua kinywa kusimulia tendo ambalo wafalme wangelitamani liwe lao. Na msihofu kuhusu kazi. Mkono unapiga pasi huku ulimi ukisimulia. Suruali hii ya kijivu ya mwalimu mstaafu, aliyeketi hapo katikati, itakuwa imenyooka kama mstari wa rula kabla sijafika mwisho. Akili yangu, tangu siku nitakayowasimulia, haijavuka kizingiti hiki bila ruhusa yangu.

Palikuwa na shujaa. Jina lake silitaji kwa kuwa ni mnyenyekevu mno. Itoshe kusema kwamba mimi na yeye tunavaa viatu vya namba moja na tunalala kitanda kimoja. Shangazi yake, mwenye duka, Malkia wa Sabuni, Mama wa Kamba Saba za Kuanikia, alimwita Mawingu, kwa sababu huko ndiko alikokuwa akiishi.

Akishika pasi, mvuke ukampanda usoni, mara ameondoka. Mwili upo, vidole vipo, mwenyewe yuko uwanjani anafunga bao la dakika ya mwisho, au yuko jukwaani anahutubia mataifa, na mataifa yanalia. Akirudi anakuta moshi. Ndivyo lilivyoanguka shati la mpiga tarumbeta. Ndivyo yalivyoangamia mapazia ya daktari wa meno, na ndivyo suruali ya fundi saa ilivyopata dirisha mahali ambapo suruali haihitaji dirisha.

Siku ya dirisha hilo Shangazi hakugomba. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanena:

"Mtoto wa kaka yangu, nimekupenda tangu unatambaa. Lakini ukiunguza nguo moja tena, pasi hii hutaishika maisha yako yote. Nakupeleka uani, kwenye soksi."

Uani kwenye soksi hakuna mvuke wala benchi la wateja. Kuna beseni tu, na soksi, na zile zilizopotelewa na wenzao. Na pasi alikuwa anaipenda, jamani. Hiyo ndiyo siri ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

Basi ikawa Alhamisi moja, saa tatu asubuhi, Shangazi amekwenda kupeleka mashuka ya nyumba ya wageni, dada yake shujaa akaingia mbio. Amevaa sare yake ya uuguzi, gauni jeupe lenye marinda kumi na mawili, nalo limekunjamana kama limetafunwa na mbuzi likatemwa. Saa nne anakula kiapo cha kazi. Akapita nyuma ya pazia, akalivua, akajistiri kwa koti la mvua lililosahauliwa na mteja, akalirusha gauni juu ya pazia.

"Mdogo wangu," akasema, "miaka mitatu nimesomea siku ya leo. Nguo nyingine nyeupe sina. Ukiiunguza hiyo, nakula kiapo na koti hili."

"Ewe dada," akanena shujaa, akiinua pasi kama upanga, "kabla jua halijagusa ukingo wa dirisha lile, marinda yako yatasimama safu kwa safu, kama askari mbele ya jemadari wao!"

"Sawa. Anza na kola."

Akaanza na kola, nayo ikasalimu amri bila kumwaga hata tone. Mikono miwili ikajaribu kukaidi, akainyunyizia maji, ikatubu. Mabega yakalainika. Ndipo akateremka bondeni kwenye marinda, akaliangusha la kwanza, akaliangusha la pili, la tatu likakimbilia chini ya la nne akayakamata yote mawili, la tano na la sita yakalala yenyewe kwa woga. Na hapo, kwenye rinda la saba, mvuke ukapanda mzuri, mweupe, wa vuguvugu, na shujaa akaondoka.

Alikuwa juu ya zulia jekundu. Rais wa nchi asiyoijua alikuwa akimvisha nishani kwa kuokoa gauni ambalo bado hajaliokoa.

"Bendi imeshafika?" sauti ikauliza nyuma ya pazia.

Shujaa akaruka, na pasi ikaruka naye. Chini yake kitambaa kilikuwa cha moto sana, lakini bado cheupe.

"Bendi gani?"

"Ya nishani. Si huwa inaanza na matarumbeta?"

"Umejuaje?"

"Mawingu, huwa unasema kwa sauti. Miaka yote. Jumatatu umemwoza Shangazi kwa waziri wa maji. Siku tatu sasa anauliza kama huyo bwana ana meno."

Loo. Miji yote aliyoijenga kwa siri, kumbe haikuwa na ukuta; watu walikuwa wakipita humo na vikapu vyao.

"Kwa hiyo mnanicheka," akasema.

"Tunacheka, ndiyo. Ukinyamaza tunakosa raha. Ila kitu kimoja kinaniuma. Huko kote unakokwenda, sijawahi kukusikia unapiga pasi. Unaiacha hapa peke yake. Leo nenda na gauni langu."

Shujaa akasimama, pasi hewani. Kila aliponusa moshi alikuwa akijiambia kwamba yeye ni mjinga, basi. Sasa akajitazama vizuri, akamkuta mtu tofauti kabisa: msafiri anayesahau mzigo nyumbani. Mzigo si ungeweza kubebwa?

Akaubeba. Akasema kwa sauti, bila haya, "Rinda la saba ni mto, nami navuka. La nane ni lango la chuma, na nyuma yake amejificha Sultani Kunyanzi mwenyewe."

"La tisa je?"

"La tisa linaomba amani."

"Usilikubalie."

Hakulikubalia. La kumi akalizingira, la kumi na moja akalipiga ubavuni, na la kumi na mbili, lenye mshono mnene, wakapambana uso kwa uso mpaka jasho la shujaa likadondoka, naye akalikwepesha lisiangukie gauni, na hilo lenyewe lilistahili kuandikiwa kitabu. Saa nne kasoro dakika ishirini, gauni likainuliwa juu. Halikuwa na doa.

Dada akalivaa, akatoka, akajitazama kiooni. Alimnyooshea shujaa kola ya shati lake, kisha akakimbia kwenda kula kiapo.

Andikeni basi, enyi wa benchi, muwasomee wajukuu: huo ndio Mwaka wa Marinda. Na tangu Alhamisi ile shujaa hajapotea tena, hata kwa kufumba na kufumbua...

"Kijana," akasema mwalimu mstaafu taratibu, akinyoosha kidole. "Suruali yangu."

Nikatazama chini. Pasi ilikuwa imetua juu ya goti la kushoto, imetulia kama kuku anayeatamia. Imekaa hapo tangu rinda la ngapi, sijui. Nikaona soksi. Nikaona beseni. Nikainyanyua pasi nimefumba macho, nikanusa.

Hakuna moshi. Suruali nzima, na makunyanzi yake yote yapo vilevile yalivyoingia dukani.

Shangazi alikuwa amesimama ukutani, ameshika waya wa pasi mkononi.

"Nimeuchomoa uliposema 'Enyi'," akasema. "Haya, Mawingu, chomeka, anza upya. Na safari hii nenda na suruali ya mwalimu."